Baada ya Salamu: Askari wa Vita vya Kagera na Barua za Nyumbani

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vimesimuliwa kwa sauti ya juu. Ipo hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, ambayo hata kijana aliyezaliwa miaka 20 baadaye anaweza kukutajia sababu, nia na uwezo bila kusita. Zipo nyimbo za bendi na kwaya zilizopigwa Radio Tanzania mpaka kanda zikachakaa. Upo utenzi wa Henry Muhanika uliochapishwa 1981, kipo kitabu cha mwandishi wa habari Baldwin Mzirai, *Kuzama kwa Idi Amin*, na kile cha Tony Avirgan na Martha Honey, walioingia Kampala pamoja na majeshi yetu. Makamanda tunawajua kwa majina: Msuguri, Mayunga, Walden, Kombe, Marwa. Kinachokosekana ni sauti ya chini, ya askari aliyeketi pembeni mwa handaki na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, akiwaandikia watu wake kwamba bado yu mzima.

Hotuba na utenzi hueleza vita vilikuwa na maana gani kwa taifa. Barua hueleza vilikuwa na maana gani kwa nyumba moja: nani anapalilia, ada ya mtoto kalipa nani, mke amebaki kwake au amerudi kwao, deni la dukani limefika wapi. Jambo la ajabu ni kwamba vita hivi vilipiganwa na watu waliojua kusoma na kuandika kuliko askari wa vita vyovyote vilivyotangulia katika nchi hii. Barua ziliandikwa, na nyingi. Kwa nini basi hazimo katika kumbukumbu yetu ya pamoja? Naona kwamba barua ya askari huishi muda mrefu pale inapoangukia kwa mtu anayeitilia shaka au anayetaka kuitumia. Ile iliyofika salama mikononi mwa mama yake ndiyo inayopotea.

Bukoba imewahi kuona sauti za askari wa kawaida zikipotea. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu, wakaushambulia mji, wakabomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, kisha wakapanda meli na kurudi. Mapigano hayo ya siku 2 tunayajua kwa undani kwa sababu wazungu waliokuwemo waliandika. Mmoja wao, Angus Buchanan wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, alitoa kitabu chake mwaka 1919. Askari weusi wa pande zote mbili na wapagazi waliobeba risasi na unga wanaonekana humo kwa mbali, bila majina. Wachache sana miongoni mwao walijua kuandika, na waliokuwa nyumbani wasingejua kusoma.

Miaka 30 haikupita, hali ikawa nyingine kabisa. Katika Vita vya Pili vya Dunia Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, wengi wao katika King's African Rifles (KAR), ambayo wazee wetu waliiita Keya. Walipigana Uhabeshi na Madagaska, na mwaka 1944 wakaingia Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria. Jeshi lenyewe lilikuwa na walimu waliowafundisha askari kusoma. Magazeti kama *Mambo Leo* na *Baraza* yalichapisha barua zao. Zile zisizokuwa za gazeti zilipita kwenye meza ya mkaguzi.

Mkaguzi huyo ndiye aliyetutunzia maneno yao, ingawa hakukusudia. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za askari, kufuta zilipotaja mahali au meli, na kuwaandikia wakubwa muhtasari wa malalamiko. Watafiti waliokuja kuyasoma mafaili hayo baadaye, akiwemo Timothy Parsons aliyeandika historia ya askari wa kawaida wa KAR, walikuta humo mambo ambayo hotuba za serikali zisingeyasema: hofu kwamba mke ameolewa na mtu mwingine, fedha iliyokatwa kwenye mshahara isiyofika kwa mzazi, bei ya nguo nyumbani, likizo iliyoahidiwa isiyokuja. Serikali ya kikoloni haikuwapenda askari hao kiasi cha kuwatunzia barua. Iliwaogopa, na woga ule umegeuka hazina.

Kwingineko duniani barua zimeokolewa kwa njia nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vimeacha barua kwa maelfu katika maktaba na vyuo vya nchi ile, kwa sababu familia na vyama vya wastaafu wa jeshi viliona fahari kuzionyesha. Mashuhuri kuliko zote ni ya Sullivan Ballou, mwanasheria wa Rhode Island aliyemwandikia mkewe tarehe 14 Julai 1861. Wiki moja baadaye alijeruhiwa huko Bull Run na akafa. Mamilioni ya watu waliisikia barua hiyo mwaka 1990 katika filamu ya Ken Burns. Ila asili yake, karatasi aliyoigusa Ballou mwenyewe, haijaonekana hadi leo. Zinazosomwa ni nakala. Hata barua iliyopendwa na taifa zima, basi, haikuokolewa na mpenzi wake. Iliokolewa na watu waliotaka kuinakili.

Tuje kwa askari wetu wa 1978. Kabla ya vita JWTZ ilikuwa na watu wapatao 40,000. Miezi michache baadaye walikuwa wamefika kama 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000 waliotolewa vijijini, pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT. Hao mgambo ndio ninaowafikiria zaidi. Wengi walikuwa wakulima waliopitia kisomo, ile kampeni iliyowapunguza wasiojua kusoma kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 27 mwaka 1977. Mtu alijifunza herufi chini ya mwembe ili asome maelekezo ya mbolea, mara akajikuta Masaka akizitumia herufi zilezile kumwuliza mkewe kama mbuzi amezaa.

Aliandikaje? Aliandika alivyofundishwa. Darasani barua ya kirafiki ilikuwa na sehemu zake, na hakuna aliyethubutu kuziruka: anwani pembeni juu, tarehe, "Mpendwa baba", kisha salamu ndefu. Kila msomaji wa rika fulani anaweza kuikariri: salamu nyingi sana, ama baada ya salamu mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Ndipo lije dhumuni. Mwalimu alisahihisha kwa kalamu nyekundu kama salamu zilikuwa fupi.

Ukiisoma haraka unaona maneno ya kukariri. Iweke sasa mikononi mwa kijana aliyelala Lukaya usiku wa tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 iliposhambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya na kutawanyika kwenye barabara iliyopita katikati ya kinamasi. Siku mbili tatu baadaye anaandika kwamba yeye ni mzima na hofu yake ni juu ya waliobaki nyumbani. Kwa mtindo wa shule hakusema uongo. Alitumia tu mlango uliokuwepo tayari ili asilazimike kusema alichokiona. Wapo wanaozidharau barua hizi kwa kuwa hazina habari, na mimi sikubaliani nao. Anayetafuta ndani yake maelezo ya mapigano atatoka mikono mitupu. Mwenye kupima urefu wa salamu, kuhesabu majina ya wanaosalimiwa, na kuangalia ni nani safari hii hakutajwa, atapata mengi.

Kwa watu wa Bukoba na Muleba barua ilikuwa na ugumu wake wa pekee. Askari wa Songea au Tabora aliyepiga kambi Kagera alijua nyumbani kwake ni salama. Hatari ilikuwa upande wake. Kwa mtu wa hapa mambo yaligeuka. Oktoba 1978 ndege za Uganda zilidondosha mabomu mjini Bukoba. Tarehe 30 majeshi ya Amin yakaingia na kuikalia ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Vijiji vilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda ng'ambo, kiwanda cha sukari kikakombwa, raia wakauawa kwa mamia. Waliosalimika walikimbilia kusini, Bukoba mjini, Muleba na mbele zaidi, wakikaa kwa ndugu au kambini. Kanisa la Kyaka lililobomolewa kwa mizinga bado linaonekana.

Kijana wa Kyaka au Minziro aliyekuwa jeshini angeandika kwenda wapi? Vijijini kwetu posta haipeleki barua mlangoni. Barua ilipitia sanduku la mtu mwingine: "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", au parokia, au duka la Mwarabu, kisha ikasubiri mpaka mtoto wa jirani atumwe. Shule ikifungwa na padri akikimbia na waumini wake, anwani inakuwa jina la mahali pasipo na watu. Aliyekuwa na akili ya haraka aliandika kwa shangazi wa Kamachumu au mjomba wa Nshamba, akiomba ajulishwe nani yuko wapi. Hapo ndipo Muleba ilipopata kazi ambayo hakuna ramani ya vita inayoionyesha: wilaya iliyo nyuma ya mapigano, yenye misheni na shule zilizokuwa zinafanya kazi, ndiyo iliyopokea watu na habari zao.

Njia ya mkono ilishindana na posta, na mara nyingi ikashinda. Barua ilipewa dereva wa lori la jeshi, majeruhi anayerudishwa, au msafiri wa meli ya Mwanza. Faida yake ilikuwa kwamba mbebaji aliongeza kwa mdomo yasiyoandikika. Msomaji wa leo anayeokota karatasi ile ameshika nusu tu ya ujumbe, na nusu yenyewe ni ile ya adabu.

Majibu nayo yalikuwa na mpatanishi wake. Mama asiyejua kuandika vizuri alimwita mtoto wa darasa la tano, akasema kwa Kihaya, mtoto akaandika kwa Kiswahili cha shuleni. Mke naye aliandikiwa na shemeji au katekista. Jambo la chumbani litapitaje hapo? Barua ya namna hiyo inakuwa ya ukoo mzima: kibanja kimepaliliwa, migomba imeangushwa na upepo, kahawa imeuzwa kijijini lakini fedha bado, maana vyama vikuu vya ushirika, BCU ya Bukoba ikiwemo, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Mume anayeisoma handakini anajua mkewe hakusema aliyotaka kusema. Naye akijibu, ataanza na "Tata waitu" kwa baba mzazi, salamu zimshukie kila mkubwa kwa zamu yake, na mke ataachiwa mistari miwili ya mwisho.

Kuna jambo jingine lililomtofautisha askari wa Bukoba na wenzake. Alipovuka Mutukula Januari 1979 hakuingia nchi ya wageni. Kihaya, hasa kile cha Kiziba, kina undugu na Kiganda. Vizazi kadhaa vya Wahaya viliwahi kwenda Buganda kufanya kazi za mashamba na biashara, na wengine hawakurudi. Rakai, Kyotera na Masaka kulikuwa na wakwe na binamu. Vita tulivyoviita vya mataifa mawili, kwa nyumba nyingi za kaskazini mwa Bukoba vilikuwa karibu na vita vya ndugu.

Ndipo ukimya wa barua unapokuwa mzito. Mutukula raia waliuawa na nyumba zikasawazishwa kwa tingatinga, kwa hasira ya yaliyotendeka Kyaka. Mwalimu alipopata habari alikasirika na kuamuru raia wasiguswe tena. Mwezi uliofuata Masaka na Mbarara zilipigwa na majengo mengi yakaharibiwa. Simlaumu kijana wa miaka 22 asiyeandika hayo kwa baba yake. Tusijidanganye tu kwamba tukizipata barua zote, tutapata ukweli wote. Barua ya askari ni ushahidi wa alichoweza kumwambia mtu anayempenda.

Waliokuwa na hali mbaya kuliko wote ni Waganda waliopigana upande wetu. Kikosi Maalum cha akina Tito Okello na Oyite Ojok, na FRONASA ya Yoweri Museveni, walikuwa wanapigana na serikali yao wenyewe. Hivyo ndani ya vita vya Tanzania na Uganda mlikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mpiganaji wa vikosi hivyo alikuwa na familia Lango, Acholi au Ankole, chini ya polisi wa siri wa Amin. Bahasha moja yenye stempu ya Tanzania ingetosha kuiangamiza nyumba nzima. Kwa hao, kutoandika ndiko kulikokuwa kuwajali wa nyumbani.

Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapema Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa kaskazini magharibi. Wengi hudhani barua ziliishia hapo, kumbe maelfu ya askari walibaki Uganda hadi 1981. Huu ndio wakati wa barua za maswali mazito: mke aliyeolewa huko, redio na baiskeli vilivyotangulia nyumbani bila maelezo, mshahara unaochelewa huku nchi imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua fungu moja tu la barua za miaka ile, ningechagua la 1980, wakati hakuna bendi iliyokuwa inaimba tena.

Zimekwenda wapi basi? Nyingine ziliishia mfukoni mwa koti pamoja na mwenye koti. Inatajwa hesabu ya askari wetu 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Wengine walikufa kwa sababu nyingine, kama ajali. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba, ambako Rais Jakaya Kikwete aliongoza Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai 2013. Makaburi yana majina. Vilivyokuwa mifukoni havikuwekewa daftari.

Lakini sababu kubwa ya kupotea kwa barua Kagera haikuwa vita. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu. Uchunguzi wa 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24 kwa watu wazima wa Bukoba mjini na asilimia 10 katika Bukoba vijijini na Muleba. Waliokufa ni watu wa rika lilelile: aliyekuwa askari kijana mwaka 1979, mkewe, mdogo wake aliyemsomea barua. Kibanja kikabaki na bibi na wajukuu. Sanduku la bati lililokuwa na cheti cha ubatizo, stakabadhi za kahawa na barua za Masaka likafunguliwa na watu wasiomjua aliyeandika. Cheti kikabaki kwa kuwa kinadaiwa shuleni. Barua zikawashia moto. Mchwa na mvua za Bukoba zikafanya kazi yao, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 likabomoa nyumba nyingi za zamani, ambazo ndizo zilizokuwa na masanduku hayo.

Hapa narudi kwenye hoja ya mkaguzi wa KAR. Kama barua huokolewa na anayetaka kuitumia, Bukoba na Muleba anayeitumia karatasi ya zamani ni mwenye kesi ya kibanja. Ardhi ni chache na ukoo una sauti. Barua ambamo askari alimwandikia kaka yake kwamba "sehemu ya chini, kule kwenye mibuni, amwachie mke wangu" ina thamani ambayo barua ya mapenzi haina. Itatunzwa kwenye nailoni, itapelekwa baraza la kata, itakuwa kielelezo mahakamani na kupigwa muhuri. Kwa hiyo mtafiti, au mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi wake wajue vita hivi kwa karibu, asianzie jeshini. Aanzie kwenye mafaili ya mirathi, halafu ofisi za parokia na shule ambazo masanduku yao ya posta yalipokea barua za kijiji kizima.

Atakapoipata, lipo suala ambalo hapa petu halijajadiliwa vya kutosha: barua ni ya nani. Karatasi ni ya aliyeandikiwa. Maneno yake, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ni ya aliyeandika, na akifa yanarithiwa. Mjane wa Muleba anaweza kukuruhusu uipige picha, na watoto wa nyumba ndogo ya Mbarara wakawa na haki sawa ya kukuzuia usiichapishe, hasa ikiwa ndani yake ndimo mama yao alipotajwa kwa mara ya kwanza. Wapo wanaosema tungoje wahusika wote wafe. Kwa kasi ambayo karatasi zinaharibika mkoani Kagera, kungoja ni sawa na kuamua zisiwepo. Bora zikusanywe sasa na kupigwa picha, zifungiwe kwa miaka ambayo familia zitakubaliana, na kila nyumba ipewe nakala ya barua zake.